Bakuli Lilirudi Limejaa

Mimi siwezi kumpa mtu chakula bila kukionja mbele yake. Sisemi jikoni, huko kila mpishi anaonja. Nasema mezani, mtu ameshanawa mikono, mimi nachota kijiko kimoja pembeni, nakimeza huku ananitazama, ndipo namsogezea sahani. Mume wangu amenitania miaka yote kwamba alitafuta mke akapata mkaguzi. Wifi yangu alinuna siku ya kwanza alipokuja kututembelea, akaenda kusema kwao kwamba nina ulafi usioweza kungoja. Watoto wangu wameshazoea. Wakiona nakawia wananiambia nikague upesi, wana njaa.

Nilikuwa sijiulizi tena tabia hii ilitoka wapi, hadi mwezi uliopita mama yangu alipoacha kula. Anaishi kwangu hapa Korogwe tangu alipopooza upande mmoja. Maneno anayo, akili anayo, na ulimi wake bado unakata, ila chakula amekikataa. Namwekea asubuhi, kinarudi. Namwekea mchana, kinarudi. Daktari amempima akasema ni presha na uzee, nimbembeleze. Basi Jumanne moja nikampikia kisamvu cha karanga, kile anachokipenda, na ile harufu ya majani ya muhogo yakichemka na karanga ilipojaa jikoni, nikaacha kukoroga. Mtu mzima, mama wa watoto wanaonizidi urefu, nikakaa chini kwenye kigoda na mwiko mkononi. Nilikuwa naogopa, na sioni aibu kusema. Mara ya kwanza bakuli la mama yangu liliporudi limejaa nilikuwa na miaka minane, na nilijua kwa hakika kwamba kosa lilikuwa langu.

Mliokulia kambi za mkonge mtanielewa haraka. Kambi yetu ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Mombo, mistari ya vyumba vya matofali vilivyojengwa kwa ajili ya babu zetu walioletwa kukata mkonge. Babu yangu alikuwa Mngoni, Mkatoliki, akamwoa bibi yangu, Mzigua na Mwislamu, na nyumbani kwetu tulisherehekea kila kitu. Mtambo wa kuchuna majani tuliuita korona, kabla jina hilo halijachafuka. Lakini mimi sikuwahi kuusikia ukinguruma. Ulikwisha kufa, shamba likageuka pori, na watu wa kambi wakaingia mle na majembe wakalima mahindi na mihogo katikati ya visiki vya mkonge. Tulikula kutoka kwenye lile shamba. Baba alikuwa amefariki nikiwa mchanga, kwa hiyo chochote kilichoingia tumboni mwangu kilitoka kwenye mikono ya mama na udongo ule.

Kisha wakaja watu na kamba za kupimia na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Ikasemwa shamba limepata tajiri, na mihogo yetu iko kwake. Wanaume walikwenda ofisini wakarudi wakiwa kimya. Wanawake walikaa kikao kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, na asubuhi iliyofuata wakaingia shambani wakang'oa vigingi vyote, wakavibeba kichwani kama kuni, wakaenda kuvirundika mbele ya ofisi ya shamba, wakakaa juu yake. Mama yangu ndiye aliyeandika barua yao, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri aliofundishwa misheni. Ile barua ilisomwa na watu wakubwa. Nilianza kusikia neno "uchochezi" likitajwa pamoja na jina la mama, na kwa kuwa kuchochea nilikojua mimi kulikuwa kwa kuni jikoni, sikuona ubaya wake. Nilichokiona ni kwamba mama alikuwa halali vizuri, na kila gari likipita alikuwa anasimama.

Siku moja alinishika mabega akaniambia kwamba wakija polisi kumuuliza, niseme amekwenda Mkumbara kwa shangazi. Akanirudisha nyuma mara mbili nilirudie hilo. Nikalirudia. Nilikuwa mtoto msikivu, na hapo ndipo penye msiba wenyewe.

Polisi niliowajua mimi walivaa kofia na mikanda mipana. Waliokuja alasiri ile walikuwa wanaume watatu wenye mashati ya mikono mirefu yaliyopigwa pasi, mmoja ana kalamu mfukoni. Niliwaona ni walimu, au watu wa kanisa. Nikawaamkia mmoja mmoja, wakaitikia marahaba vizuri. Nikawatolea viti viwili na kigoda. Nikawaletea maji kwenye vikombe, nikapiga goti kama nilivyofunzwa. Yule wa kalamu akaniambia nina adabu sana, akauliza mama yuko wapi. Ningewezaje kumwambia mgeni aliyekunywa maji yetu kwamba mama yuko Mkumbara, na hali yuko nyumba ya tatu kwa Mama Zaituni anachekecha unga? Mgeni hadanganywi. Nikamwambia asubiri kidogo, namwita.

Nilikimbia. Nakumbuka nilikuwa na furaha ya mtoto aliyesifiwa. Nilimkuta mama amesimama nyuma ya mlango wa jiko, chekecheo liko chini. Mama Zaituni hakuwepo, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

"Mama, kuna wageni," nilisema. "Nimewapa viti na maji."

Alinitazama. "Umewaamkia?"

"Ndiyo. Wote."

"Vizuri," akasema.

Akafuta unga mikononi, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akanishika mkono tukaenda. Hakusema neno lingine njia nzima. Walimpandisha kwenye gari lililokuwa limefichwa nyuma ya choo cha kambi, na mimi nikabaki mlangoni na vikombe vitatu. Hata leo nikitaka kujiumiza, nalirudia lile "vizuri" kichwani. Nimelisikia likiwa na hasira, nikalisikia likiwa na dharau, nikalisikia likiwa la mtu aliyechoka. Usingizi wangu mwingi umeishia hapo.

Walichukuliwa wanne siku ile, mama na wenzake watatu. Kwanza waliwekwa karibu, lakini wanawake wa kambi walikwenda kuimba mbele ya kituo kutwa nzima, basi wakahamishiwa kituo kimoja upande wa Handeni. Sitakitaja, waliokuwepo wengine bado wako hai na mimi nataka kuishi kwa amani. Bibi yangu akafunga mzigo wake. Tulipanda basi hadi Segera, tukangoja pale kwenye wauza machungwa hadi tukapata lori, na jioni tukafika kwa mdogo wake bibi, niliyemwita Bibi Mdogo, aliyekuwa na nyumba ya udongo, kuku wengi, na mdomo mkubwa kuliko kuku wote.

Kituo kilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka hapo. Mahabusu wa siku zile walilishwa na ndugu zao, asiye na ndugu alikula kwa huruma ya wenzake. Bibi alipika sufuria moja kwa ajili ya wanawake wote wanne, akaipakua kwenye bakuli kubwa la bati lenye maua mekundu, akalifunika kwa sahani na kulifunga kwa kitambaa. Miguu yake ilikuwa imevimba, tena pale kituoni walisema hawataki watu wazima wa kupeleka maneno. Basi mbebaji nikawa mimi, peke yangu, mara tatu kwa siku.

Kaunta ilikuwa inanifikia puani. Askari wa zamu alikuwa mtu mnene mwenye pengo, hakuwa mkali. Nilimwamkia, akaitikia, akafungua kitambaa, akanisogezea kijiko.

"Onja," alisema.

Ulikuwa ni utaratibu wao, anayeleta chakula aonje kwanza mbele ya askari, ili mtu asije akafa ndani wakalaumiwa. Hakuna aliyenieleza. Mimi niliona ni mtihani. Niliona kwamba yule askari amekwisha kuambiwa kuna mtoto aliyemtoa mama yake, na sasa anatazama nikimeza aone kama chakula kitapita kwenye koo la mtoto wa namna hiyo. Kilipita kwa shida. Nilikuwa nameza maharage nikiogopa nikipaliwa itajulikana. Kisha analichukua bakuli anaingia nalo ndani, na mimi nakaa kwenye ngazi kusubiri. Likirudi tupu, limesuguliwa kwa kidole hadi chini, napumua. Nilikuwa najiambia, amekula, basi hajakasirika sana.

Hivyo zilipita siku kumi na zaidi. Halafu mchana mmoja yule askari alitoka na bakuli akiwa amelishika kwa mikono miwili. Lilikuwa zito. Akaniambia hawataki kula leo, nilirudishe nyumbani, na hakunitazama aliposema hivyo.

Nyumbani kwetu, na nadhani kwenu pia, mtu akikataa chakula ana maana yake. Amesusa. Mtoto akichapwa anasusa, mume akiudhiwa anasusa, bibi harusi anasusa hadi abembelezwe. Anayesusa haongei, sahani yake ndiyo inayoongea, na inaongea na yule aliyeileta. Nilisimama kwenye ngazi zile na bakuli la wali na kunde, nikaelewa kila kitu. Mama alikuwa amekaa mle ndani siku zote akifikiri, na sasa amefika kwenye jibu. Amejua nani aliyempeleka kwa wale wageni. Amenisusa mimi.

Sikuweza kulipeleka kwa bibi. Angeniuliza mama yako amekasirishwa na nini, na ningelazimika kusema. Nilipita nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya Bibi Mdogo, nikawamwagia kuku. Nikalisugua bakuli kwa kidole kama walivyokuwa wanafanya wao. Bibi alipouliza nikasema wamemaliza, na mama amesema asante. Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa, mimi niliyeshindwa uongo mdogo wa Mkumbara.

Jioni likarudi limejaa tena. Kesho yake pia. Nilimwomba bibi apike kisamvu cha karanga, nikasema mama amekiagiza. Alikitwanga mwenyewe na miguu yake ile, akafurahi kwamba mtoto wake ana hamu ya kitu. Nikakipeleka mbio, bado cha moto. Nikaonja, nikajilazimisha kutabasamu ili askari aone ni kitamu akamwambie. Kikarudi. Kuku walikila. Siku ya nne nilikuwa mimi mwenyewe siwezi kula nyumbani, natapika, na bibi akaanza kunipaka mafuta tumboni akidhani ni chango. Nilitaka nife kidogo, siyo sana, ili mama atoke kunitazama.

Alasiri hiyo ndipo Sista Brida alipokuja. Alikuwa mtawa mzee wa misheni ya kwetu, Mwairishi, aliyekaa kwenye zahanati na darasa la kushona tangu kabla mama hajazaliwa. Kiswahili chake kilikuwa kimelowa Kishambaa. Watu wa kambi hawakujua sana tofauti za Wazungu, lakini hiyo moja waliijua, maana aliwahi kumrudisha mzee mmoja mwisho wa foleni ya sindano kwa kumwita Mwingereza. Yeye ndiye aliyemfundisha mama ule mwandiko. Alikuja na gari la misheni, ameleta sabuni na kanga za kubadili kwa wale wanne, na kabla ya kuingia ndani alizunguka nyuma kutafuta pa kunawa vumbi. Akanikuta kwenye migomba na bakuli mkononi, kuku wamenizunguka, na wali mweupe chini.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema, kwa sababu adabu haikuwahi kuniacha hata pale ilipopaswa.

"Milele amina. Hicho ni chakula cha nani?"

Nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Nikamwambia chakula cha mama, kwamba siku nne sasa anakirudisha, kwamba amenisusa. Sikumwambia kwa nini. Hilo lilikataa kutoka.

Sista akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Akawatazama kuku wakimaliza ule wali. Kisha akauliza kama bibi anajua. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote, hapa au Korogwe, anayejua kwamba wanawake wale hawali. Nikatikisa kichwa tena. Akafumba macho, akasema kitu kwa lugha yao.

Akanisimulia. Alisema kwamba alipokuwa na umri wangu, huko kwao Ayalandi, mama yake alifungwa. Walikuwa wamemtoa Mwingereza, halafu wenyewe kwa wenyewe wakagawanyika, na wale walioshika serikali wakawafunga wenzao wa jana, wanawake wakiwemo, wengi. Mama yake alikuwa amebeba barua za upande ulioshindwa. Alifungwa kwenye jengo la mawe lenye baridi, bila kufikishwa kwa hakimu, na wenzake wakakaa humo wakishona, wakishika sindano kwa zamu. Nyumbani waliwapelekea mikate yenye zabibu kavu. Siku moja mkate ukarudi. Wanawake walikuwa wameamua kutokula mpaka wasikilizwe, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kukataa.

Nilimuuliza kama yeye alidhani amesuswa. Akasema hapana, yeye aliona aibu tu, kwa sababu shangazi yake aliuchukua ule mkate akauweka dirishani upande wa barabarani. Hakuruhusu mtu auguse. Mkate ukakauka, ukaota ukungu wa kijani, watu wenye njaa wanapita wanautazama. Yeye mtoto alilia auondoe. Lakini baada ya siku kadhaa dirisha la jirani nalo likawa na mkate, na la pili yake, na mtaa mzima ukajua.

Nikamuuliza kama mama yake alitoka.

"Alitoka," alisema. "Akawa anakula amesimama maisha yake yote. Sitakudanganya, mwanangu, hakurudi vilevile." Akanishika kidevu. "Lakini sikiliza. Mama yako hajakususa wewe. Amewasusia wao. Na njia pekee ya sisi kujua ilikuwa ni hilo bakuli."

Nimeishi na sentensi ile. Mtoto wa miaka minane hana maneno ya kutosha kwa jambo kama hilo, lakini tumbo langu lilielewa. Mama na wenzake walikuwa wamelala sakafuni siku nne na maji matupu, wakingoja kelele kutoka nje, wakijiuliza kwa nini watu wao wamenyamaza. Njaa ya mama yangu nilikuwa nimeilisha kuku. Nilipiga kelele mpaka bibi akatoka.

Sista alinitaka niseme mwenyewe, na nikasema. Bibi alisikiliza ameegemea ukuta. Nilingoja fimbo. Hakunichapa wala hakunifokea. Aliniuliza tu kama wale kuku walikuwa wanakula hata kisamvu, nikasema ndiyo, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa kile kisamvu. Kisha akaingia ndani kupika upya.

Jioni ile nilibeba bakuli kama kawaida. Nilionja. Likarudi limejaa. Lakini safari hii sikwenda kwenye migomba. Ng'ambo ya barabara, likitazamana na mlango wa kituo, bibi alikuwa ametandika mkeka, ameketi na miguu yake imenyooshwa, Sista pembeni yake kwenye kigoda. Nililiweka bakuli katikati ya mkeka, tukaliacha wazi. Kwetu chakula hakiachwi wazi barabarani, ni mwiko, ni dharau kwa Mungu. Mtu hawezi kupita asiulize.

Waliuliza. Wanawake waliotoka sokoni walisimama na vikapu wakauliza chakula cha nani hicho kinapata vumbi. Bibi akajibu kwa sauti ya kawaida kwamba ni cha binti yake na wenzake walioko mle, wamekirudisha, hawajala siku ya nne, hawajapelekwa kwa hakimu wiki ya tatu. Anasema hivyo, basi, ananyamaza. Asubuhi tukaweka bakuli la pili kando ya la kwanza. Mchana la tatu, na lile la kwanza lilikuwa limechacha, inzi wanalia juu yake, na mimi nimekaa hapo nikiwatazama askari mlangoni nikiwa na hofu kwamba sasa watakuja kutubeba sisi wote na hakutabaki mtu wa kupika. Askari mwenye pengo alitoka mara mbili, akatazama, akarudi ndani.

Kisha mama mmoja wa sokoni, asiyetujua kabisa, akaleta sahani yake ya ugali wa muhogo akaiweka kwenye mkeka, akaondoka. Wanawake wawili wa Kimasai waliokuja kuuza maziwa walizungumza na Bibi Mdogo, wakacheka naye kidogo, halafu wakaacha kibuyu kimoja. Kufika siku ya pili jioni mkeka ulikuwa umejaa, tukatandika wa pili. Bibi Mdogo alizunguka mji mzima na mdomo wake ule, na kwa mara ya kwanza kila mtu alimshukuru kwa kuwa nao. Wanawake wa kambi walifika kutoka Korogwe na vyombo vyao. Harufu ilikuwa mbaya. Wakubwa waliokuwa wanapita na magari wakifunga vioo walianza kusimama.

Asubuhi ya siku ya tatu ya mikeka waliwatoa. Walipelekwa kwa hakimu, wakasomewa shitaka, wakapewa dhamana. Ile kesi iliahirishwa na kuahirishwa mpaka ikafa yenyewe, na shamba, baada ya miaka ya mivutano, watu walirudishiwa upande wa mtoni. Si lote. Mama alilima pale hadi mkono ulipomkataa.

Lakini mimi nakumbuka ngazi za mahakama. Mama alishuka ameshikwa huku na huku, kanga inamzunguka mara mbili na zaidi, midomo imepasuka. Bibi alikuwa na uji kwenye kikombe. Akanipa nimpelekee. Nikafika mbele yake, na kabla sijajua ninachofanya nikaunywa funda moja huku namtazama usoni, kisha nikamkabidhi. Watu waliotuzunguka wakacheka, mama naye akataka kucheka ikawa kikohozi. Nilikuwa siwezi tena kumpa chakula kwa njia nyingine. Baadaye aliambiwa habari za kuku, akanitania nazo hadi naolewa. Aliwaita kuku wa siasa. Habari ya wageni watatu hakuitaja hata siku moja. Wala mimi.

Basi Jumanne ile, hapa Korogwe, nilinyanyuka kwenye kigoda nikapakua kisamvu. Nikaingia chumbani kwake. Nikaonja. Akageuza uso ukutani, na yule mtoto wa miaka minane akarudi mzima mzima. Nikamuuliza kama amenisusa. Akasema nisimletee upuuzi. Nikaweka bakuli chini nikamwambia yote, kalamu mfukoni, vikombe vitatu, mbio zangu, lile "vizuri" lake. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kunilaumu kwa kumwita.

Aligeuza uso kutoka ukutani.

"Tunu," alisema, "gari lile nililiona vumbi lake kabla halijafika kambini. Mama Zaituni alishapita mlango wa nyuma, yuko kwenye mkonge ananiita. Nami nilikuwa na mguu mmoja nje." Akapumzika, maneno sasa yanamchosha. "Nikasikia sauti yako unawaamkia. Nikasema, yule yuko peke yake na wale watu. Nikarudi ndani. Hukuniita wewe. Ulinikuta nakuja."

Nilikuwa na miaka minane kwa muda mrefu mno.

"Na uliwapa maji," akaongeza. "Niliona umefanya vizuri. Hata wao waone wametoka nyumba ya namna gani." Kisha akaelekeza bakuli kwa kidevu. "Lete. Lakini nikishiba usinilazimishe."

Alikula vijiko vitano, akalalamika kwamba chumvi haijakolea, akafunga mdomo. Nilisimama mlangoni na bakuli ambalo halikuwa limejaa wala halikuwa tupu, mume wangu na watoto wamekaa sebuleni wananitazama. Nikaliweka mezani mbele yao, wazi, walione.